Hasira, Huzuni na Ulimi: Namna ya Kunufaika na Vitabu vya Kujirekebisha

 

Ndugu zetu Waislamu, kuna swali ambalo karibu kila mara huulizwa wakati limeshachelewa. Mume amerudi asubuhi kutoka baharini. Usiku kucha hakupata kitu, na mafuta ya mashine ameyakopa. Hajakaa vizuri ukumbini, mke anamwambia kuwa mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa madaftari ya skuli. Mume anasema, "Nimechoka, niache." Mke naye amechoka, anajibu kwamba kila siku jawabu ni hiyo hiyo, na kwamba wanaume wa wenzake hawako hivyo. Sauti zinapanda, majirani wanasikia, watoto wanajikunyata chumbani, na neno la talaka linatoka. Yote hayo hayakufika dakika tano. Baada ya Adhuhuri mume yuko msikitini anamngoja imamu, uso umemshuka, anauliza: "Sheikh, nilikuwa na hasira, je, imepita?"

Kisa hiki tumekichanganya makusudi kutokana na nyumba zaidi ya moja ili asitambulikane mtu. Lakini atakayekisoma Wete, Mkoani, Makunduchi au Ng'ambo hataona kuwa ni kigeni. Sote tunaijua nyumba kama hiyo, na baadhi yetu tumeishi ndani yake.

Hukumu ya swali lile tutaigusia hapa chini. Ila makala hii tumeikusudia zaidi kwa ajili ya zile dakika tano kabla ya neno kutoka. Je, mtu anaweza kujifunza kuzuia hasira yake, kusema na watu kwa uzuri na kuibeba huzuni yake bila ya kuwaumiza wengine? Na je, vile vitabu vya kujirekebisha ambavyo vijana wetu wanavisoma siku hizi, vingine vikiwa vimeandikwa na wasio Waislamu, vinaweza kutusaidia katika hilo?

1. Je, inafaa kuvisoma vitabu hivi?

Wako wazazi wanaomuona kijana wao ameshika kitabu cha Mmarekani kuhusu "namna ya kuishi na watu" wakaingiwa na wasiwasi: "Mwanangu, Qur-aan na Sunnah havikukutosha?" Wasiwasi huu una asili njema na haufai kudharauliwa. Lakini jawabu lake wanachuoni wameshalitoa kwa vitendo kabla yetu.

Dale Carnegie alikuwa mwalimu wa Kimarekani aliyefundisha watu wazima kusema mbele za watu. Mwaka 1936 alitoa kitabu chake mashuhuri kuhusu kupata marafiki na kukubalika kwa watu, na mwaka 1948 akatoa kingine kuhusu kuacha wasiwasi. Hiki cha pili kilitafsiriwa kwa Kiarabu na kikasomwa sana. Mwanachuoni wa Misri, Sheikh Muhammad al-Ghazaaliy (aliyefariki 1996), alipokisoma hakukitupa, wala hakukimeza chote. Aliandika kitabu chake, Jaddid Hayaatak, yaani "Yafanye upya maisha yako", akichukua mada za Carnegie moja baada ya moja na kuonesha zinapokutana na mafundisho ya Uislamu na namna Uislamu unavyozikamilisha.

Na kabla ya Wamarekani kuandika chochote, Waislamu walikuwa na elimu hii. Abu Zayd al-Balkhiy, aliyefariki mwaka 322H (934), aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Katika sehemu ya nafsi alizungumzia maradhi manne: hasira, huzuni, khofu na wasiwasi unaojirudiarudia. Alitoa fikra moja ambayo inafaa kila mmoja wetu aikumbuke: kama mtu mwenye busara anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua, basi na aweke moyoni fikra njema wakati yu mtulivu, ili zimfae hasira au huzuni itakapomshukia ghafla. Imaam Abu Haamid al-Ghazaaliy (aliyefariki 505H) naye alitenga kitabu kizima ndani ya Ihyaa kwa ajili ya hasira, kinyongo na husuda. Na Sheikh 'Abdur-Rahmaan as-Sa'diy (aliyefariki 1376H) aliandika kijitabu kifupi sana kuhusu njia za kuyapata maisha ya furaha, ambacho mtu anaweza kukimaliza baina ya Maghrib na 'Ishaa.

Kwa hiyo asili ya jambo hili ni kufaa. Elimu yenye manufaa huchukuliwa popote inapopatikana, kama tunavyochukua dawa hospitali bila ya kuuliza dini ya aliyeigundua. Lakini msomaji awe na chujio. Mambo matatu tunayahadharisha:

- Kitabu kinachofundisha kuwa fikra za mtu peke yake ndizo zinazoumba riziki yake na mustakbali wake, na kwamba ulimwengu "unamjibu" kwa kile anachokitamani. Hili linagongana na 'Aqiydah ya Qadar na du'aa. Tunaomba kwa Allaah, kisha tunafanya sababu.
- Kitabu kinachofundisha maneno matamu kwa ajili ya kuwatumia watu. Kumsifu mtu kwa jema alilonalo ni ada'b njema. Kumsifu kwa uongo ili umvue ni unafiki hata ukipewa jina zuri.
- Kitabu kinachomwambia mtu amkate kila anayemkera, wakiwemo wazazi na ndugu wa damu. Kujilinda na dhulma ni haki, nako kukata udugu ni dhambi kubwa. Baina ya mawili hayo ipo nafasi pana: kupunguza ziara, kubadilisha mazungumzo, kuweka mpaka kwa adabu, na bado salamu na kujuliana hali vikabaki.

2. Hasira: mwili kwanza, maneno baadaye

Mtu alimuomba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) usia, naye akamuusia asighadhibike. Akarudia kuomba mara kadhaa na jawabu ikawa ni ile ile. Ameipokea Al-Bukhaariy kutoka kwa Abu Hurayrah (Radhiya Allaahu 'anhu). Wanachuoni wameeleza kuwa makusudio si kutohisi hasira kabisa, kwani hilo haliko katika uwezo wa binaadamu. Makusudio ni kujiepusha na sababu zake, na kutoitii inapokuja. Na katika Suwrat Aal-'Imraan, Aayah ya 134, Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala) Anawasifu wenye kuizuia ghadhabu na kuwasamehe watu. Anayesifiwa kwa kuizuia ni yule aliyekuwa nayo.

Hapa ndipo vitabu vya kisasa vinapotusaidia kuelewa hekima ya tuliyofundishwa. Hasira huanzia mwilini. Moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, misuli inakaza, uso unapata joto. Mwili umejitayarisha kupigana, na akili ya kupima maneno inabaki nyuma. Ndiyo maana ukimwambia mtu aliyekwisha pandisha "hebu fikiri" unapoteza wakati wako. Anayetaka kuishinda hasira aushushe mwili kwanza.

Na Sunnah inaanza hapo hapo. Mwenye kughadhibika amefundishwa kuomba kinga kwa Allaah na shaytwaan, kunyamaza, na akiwa amesimama akae, na isipoondoka alale ubavu. Imepokewa pia kutawadha, ingawa isnadi ya Hadiyth hiyo wameizungumza baadhi ya wanachuoni. Tazama mpangilio wake: mtu aliyesimama yuko tayari kupiga, aliyekaa yuko mbali kidogo na hilo, aliyelala yuko mbali zaidi. Na ulimi ulionyamaza hauna neno la kujutia.

Kinyume chake ni ile dhana iliyoenea kwamba hasira ni lazima "uitoe", upige kelele, upige meza, uvunje sahani, na hapo utapoa. Mwaka 2002 mtafiti wa Marekani, Brad Bushman, alichapisha uchunguzi aliowafanyia wanafunzi 600 wa chuo kikuu waliokuwa wameudhiwa. Waliopiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi walizidi hasira. Waliokaa kimya bila ya kufanya chochote walikuwa na nafuu kuliko wao. Mwaka 2024 Bushman na mwenzake Sophie Kjærvik walikusanya tafiti 154 zilizohusisha zaidi ya watu 10,000. Walikuta kwamba yanayopunguza hasira ni yale yanayoutuliza mwili, kama vile kuvuta pumzi taratibu na kulegeza misuli. Kutoa hasira kwa nguvu hakukusaidia.

Basi mwenye kusema "mimi nikikasirika lazima nifoke, ndiyo tabia yangu, baada ya hapo sina kitu moyoni" na ajue kuwa yeye huenda hana kitu, lakini mkewe na watoto wake wanacho. Na kila mara anapofoka anajizoesha kufoka.

Tunashauri jambo moja jepesi: kubalianeni mke na mume, siku ambayo hakuna ugomvi, neno au ishara ya kusimamisha mazungumzo. Anaweza kusema, "Mama watoto, nimepandwa na hasira, tuzungumze baada ya 'Ishaa." Kisha atoke akatawadhe, akae, avute pumzi taratibu, na arudi kama alivyoahidi. Ahadi ya kurudi ni lazima. Anayetoka bila ya kurudi hajaizuia hasira, amesusa, na kususa ni ugomvi wa kimya ambao wakati mwengine huuma kuliko kelele.

3. Neno la talaka lililotoka kwa hasira

Turudi kwa yule aliyekaa msikitini. Imaam Ibn al-Qayyim (aliyefariki 751H) ameigawa hasira katika daraja tatu, na wengi wa wanaotoa fatwa leo hupita katika mgawanyo huo.

Daraja ya kwanza ni mwanzo wa hasira: mtu anajua anachokisema na anakikusudia. Huyu talaka yake inapita. Kauli ya "nilikuwa na hasira" haimsaidii, kwani ni nadra mtu kumtaliki mkewe akiwa na furaha.

Daraja ya pili ni hasira iliyofika mwisho wake hata mtu hajui anachokisema wala hakikusudii, kama aliyepotewa na akili. Huyu talaka yake haipiti.

Daraja ya tatu ni baina ya hizo mbili: akili haikuondoka yote, lakini hasira imemshinda hata akasema asiloliazimia, na ikimtoka anajuta. Hapa ndipo penye khilafu. Ibn al-Qayyim ameelekea kuwa haipiti. Kwa wanachuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shaafi'iy ambayo ndiyo yaliyoenea visiwani kwetu, talaka inapita maadamu akili ilikuwepo.

Kwa hivyo mtu asijitolee fatwa mwenyewe, wala asiitafute katika makundi ya simu mpaka apate inayompendeza. Na aende kwa Kadhi au kwa mwanachuoni anayeaminika, yeye na mkewe, waeleze kilichosemwa kama kilivyosemwa, bila ya kuongeza wala kupunguza. Ikiwa ni talaka moja au ya pili iliyopita, bado mlango wa rejea upo ndani ya eda. Lakini hesabu imeshapungua, na aliyetumia mbili hana tena pa kuchezea.

Tunayasema haya si kwa kutisha. Tunataka msomaji aone kuwa kujifunza kuzuia hasira si anasa ya watu wa mjini wenye nafasi ya kusoma. Nyumba, watoto na nasaba vimening'inia katika jambo hilo.

4. Kusikiliza na kusema

Vitabu vingi vya kuishi na watu, ukivikamua, vinakubaliana katika mambo mawili: msikilize mwenzio mpaka mwisho, na sema ulichonacho moyoni bila ya kumhukumu.

Kusikiliza kwanza. Katika sifa zilizopokewa za Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ni kwamba alipomgeukia mtu alimgeukia kwa mwili wake wote. Leo baba anamjibu mtoto macho yako kwenye simu. Na katika Al-Bukhaariy na Muslim kimepokewa kisa cha mtoto mdogo, Abu 'Umayr, ndugu wa Anas (Radhiya Allaahu 'anhumaa), aliyekuwa na kijidege chake cha kuchezea. Kijidege kilipokufa, Mtume alimuuliza mtoto yule habari za kijidege chake, akamwita kwa kun-yah kama anavyoitwa mtu mzima. Hakumwambia huzuni yake ni upuuzi. Mbele ya mtoto anayelia kwa kupotelewa na kitu kidogo, wangapi wetu tunasema, "Nyamaza, mwanamme halii"? Mtoto huyo hajifunzi ushujaa. Anajifunza kuwa baba si mtu wa kuambiwa. Akifika miaka kumi na sita, akiwa na jambo kubwa, atampelekea mtu mwengine.

Kisha kusema. Wataalamu wa mazungumzo wamepanga ngazi nne ambazo mtu yeyote anaweza kuzifuata: eleza kilichotokea kama kilivyo, eleza namna kilivyokugusa, eleza unachokihitaji, kisha omba jambo moja linaloweza kufanyika. Marshall Rosenberg wa Marekani ndiye aliyezieneza ngazi hizi. Linganisha kauli mbili za mkamwana kwa mama mkwe wake:

"Mama, wewe kila siku unanisema mbele za watu, hunipendi tokea nilipoingia nyumba hii."

"Mama, jana mlipouliza mbele ya mawifi kwa nini mchuzi umekuwa mwembamba, niliona haya sana. Nataka kujifunza kwenu. Naomba nikikosea mniite pembeni mniambie."

Kauli ya kwanza ina "kila siku" na "hunipendi". Mama mkwe atajibu hayo mawili, ataapa kuwa si kila siku, na mchuzi utasahauliwa. Kauli ya pili haimvunjii heshima, na inampa jambo jepesi la kufanya. Hatusemi kuwa atakubali pale pale. Huenda akanuna siku mbili. Lakini mlango wa kusema "Haya, mwanangu" umebaki wazi.

Mume naye ana njia yake. Badala ya "Wewe huna shukurani", na aseme: "Mama watoto, nikifika tu nikaulizwa pesa kabla ya salamu, najiona sina thamani. Nipe muda nioge, ninywe chai, kisha tutazame la kufanya kuhusu madaftari." Na mke: "Baba watoto, mtoto alipolia kwa kurudishwa nilishikwa na uchungu. Naogopa tukilala bila ya kulizungumza." Laiti maneno haya mawili yangesemwa asubuhi ile, mtu asingekwenda msikitini na uso ulioshuka. Madaftari yangekuwa bado ni tatizo, lakini yangekuwa ni tatizo la madaftari.

Yapo pia mafundisho ya Sheikh as-Sa'diy yanayofaa hapa. Amechukua Hadiyth iliyomo katika Muslim, inayomfundisha mume asimchukie mkewe kwa tabia moja kwa kuwa atapata nyengine ya kumridhisha, akasema kuwa kanuni hiyo ni ya kila uhusiano: mke, ndugu, rafiki, mshirika wa biashara. Anayehesabu aibu za mwenzake peke yake hatopata wa kuishi naye. Akaongeza kuwa maneno mabaya ya watu hayakudhuru wewe maadamu hukuyashughulikia. Yanakudhuru pale unapoyaingiza moyoni yakakaa.

5. Huzuni na wasiwasi

Wako wanaodhani kuwa Muumini wa kweli hahuzuniki. Hili si sahihi. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alitokwa na machozi alipofariki mwanawe Ibraahiym, na akabainisha kuwa jicho hulia na moyo huhuzunika, lakini ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola. Na katika du'aa alizokuwa akikithirisha ni kuomba kinga na hamu na huzuni. Huzuni basi si dhambi. Tunaulizwa tunavyofanya nayo.

Kwa mwenye wasiwasi wa mambo yajayo, Carnegie alishauri hatua tatu: jiulize baya kabisa linaloweza kutokea ni lipi; jitayarishe kulipokea likitokea; kisha anza kwa utulivu kulipunguza. Mfanyabiashara wa Darajani mwenye deni akiliandika deni lake kwenye karatasi, na akaandika nani wa kumuomba muda, huenda akalala usingizi. Muislamu anaongeza lililo kubwa zaidi: anafanya sababu, kisha anamuachia Allaah, akijua kuwa kilichomfika hakikuwa cha kumkosa.

Kwa mwenye huzuni ya kufiwa, ya kuachwa au ya kusalitiwa, kuandika pia kunasaidia. Mwaka 1986 James Pennebaker na mwenzake walichapisha uchunguzi ambamo wanafunzi waliandika dakika 15 kila siku kwa siku nne kuhusu jambo lililowaumiza zaidi maishani. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Tafiti za baadaye zimeonesha faida ya wastani, si muujiza. Anayeandika aifiche karatasi yake au aichane. Asiandike hali ya simu ili fulani asome. Huko ni kurusha vijembe.

Wala kusoma si tiba ya kila kitu. Huko Cardiff, Wales, mwaka 2003 ulianza mpango wa madaktari kuwaandikia wagonjwa vitabu maalumu vya kujirekebisha, wakavichukue maktaba, na England ikafuata kwa mpango kama huo mwaka 2013. Lakini hata huko vitabu vilikusudiwa zaidi wenye huzuni na wasiwasi wa kiasi. Mtu ambaye kwa wiki kadhaa halali, hali, hana hamu ya chochote, au anafikiria kujidhuru, huyo asipewe kitabu akaachiwa chumbani. Ni mgonjwa, apelekwe kwa daktari. Na hospitali ya Kidongo Chekundu mjini Unguja haikujengwa kwa ajili ya kuwaaibisha watu. Kumsomea Ruqyah na kumpeleka hospitali havigombani.

Na mwenye kupigwa nyumbani asiambiwe asome kitabu cha subira. Kuzuia hasira ni wajibu wa mpigaji, na haipasi mpigwaji kuambiwa ajifunze kutomuudhi. Huyo anahitaji ulinzi: wazee wake, sheha, polisi, na vituo vya Mkono kwa Mkono.

6. Namna ya kusoma ukanufaika

Wengi wetu tunasoma vitabu hivi kama tunavyosikiliza mawaidha ya Ijumaa: tunatikisa kichwa, tunasema "kweli kabisa", na tukifika nyumbani tunafoka kama jana. Kwa hivyo:

Kwanza, chagua kitabu kimoja na tatizo moja. Usisome vitabu vitano kwa mwezi. Sema, "Mwezi huu nashughulikia kufoka kwangu kwa watoto."

Pili, soma kidogo, tenda kidogo. Kurasa tatu baada ya Alfajiri zinatosha. Chukua moja ya kuifanyia kazi siku hiyo, na kabla ya kulala jihesabu: leo nilishindwa wapi, na kilinianza nini? Wengi watakuta hasira zao zina saa zake: wakati wa njaa, wakati wa deni, wakati wa kurudi kazini. Ukiijua saa yake unaweza kujitayarisha nayo.

Tatu, soma kwa ajili ya nafsi yako. Mke anayempigia mumewe mstari chini ya sentensi na kumwekea kitabu juu ya mto, au mume anayesema, "Umesoma hapa? Wewe ndiye huyu," amekigeuza kitabu kuwa bakora. Mwenzio atavutwa na kubadilika kwako zaidi kuliko na kitabu chako.

Nne, someni pamoja inapowezekana. Nusu saa kwa wiki, ukumbini, televisheni imezimwa, mmoja anasoma na wengine wanasikiliza. Mwacheni mtoto naye aseme nini kinamuudhi katika nyumba hii, na asigombezwe kwa alichokisema. Asiye na uwezo wa kununua anaweza kutazama Maktaba Kuu mjini Unguja au maktaba ya Chake Chake, na akina mama wanaweza kuazimana kitabu kimoja katika darsa zao.

Tano, likikutatiza jambo la dini ndani ya kitabu, muulize mwanachuoni. Usikitupe kitabu chote kwa sentensi moja, wala usiibebe sentensi hiyo kwa sababu kitabu chote kimekupendeza.

Hitimisho

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametufundisha kuwa mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu kwa mieleka, ni yule anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika. Miereka ina mazoezi, na kuimiliki nafsi nako kuna mazoezi. Hakuna aliyezaliwa akiijua kazi hii, na hakuna aliyezeeka asiweze kuianza. Babu wa miaka sabini anaweza leo kumwita mwanawe akamwambia, "Mwanangu, nilikuwa nakufokea ulipokuwa mdogo, nisamehe." Maneno hayo hayataki kitabu, yanataka moyo tu.

Wahenga wetu wamesema hasira ni hasara, na neno likitoka halirudi. Basi kabla halijatoka, kaa. Ukiwa umekaa, nyamaza. Ukiwa umenyamaza, muombe Allaah. Na kesho asubuhi, ukiwa mtulivu, fungua ukurasa mmoja usome, uweke dawa hiyo karibu kwa siku nyengine.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala) Azitulize nyoyo zetu, Azilinde nyumba zetu, Azitengeneze ndimi zetu, na Awajaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu. Aamiyn.

Na Allaah Anajua zaidi.